Kutoamini Mungu ni mambo ya Wazungu? Mimi nakataa

Wakuu, salaam. Mjadala wa wasioamini Mungu ukianza tu, atatokea wa kusema ni mambo ya Wazungu, vijana wameyaokota kwenye intaneti. Mimi ni Mwislamu, naswali na nafunga, na nasema hoja hiyo haina mashiko: kuihoji dini kulikuwepo tangu zamani hata katika nchi za Waislamu.

Mchukueni Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy, Uajemi, aliyefariki karibu mwaka 925. Ndiye aliyeandika namna ya kutofautisha ndui na surua. Inasimuliwa alisema Mungu yupo, ila akili aliyotupa inatosha, mitume wa nini? Na tumeyapataje maneno hayo? Vitabu vyake vya mambo hayo vimepotea. Yamebaki ndani ya kitabu cha Abu Hatim al-Razi, mpinzani wake, aliyebishana naye ana kwa ana kisha akakaa akaandika kitabu kizima cha kumjibu. Huo ndio uanachuoni ninaoujua mimi!

Yupo pia al-Ma'arri, mshairi wa Syria aliyepofushwa na ndui utotoni, akafariki 1057. Beti zake za kuikosoa dini hazikumwacha Mwislamu, Mkristo wala Myahudi. Mwaka 2013 watu wenye silaha waliikata kichwa sanamu yake mjini kwao.

Sasa tazameni Kenya, 2016. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa, viongozi wa dini wakalalamika, na mwezi Aprili Msajili wa Vyama akakisimamisha kwa hofu ya kuvurugika kwa amani. Kwa nini hatukuwajibu kwa hoja? Karibuni.

Mchangiaji: Mleta mada, ushahidi wako umetoka kwa mpinzani. Wapo wataalamu wanaosema Abu Hatim alimlisha maneno mwenzake. Halafu mtu kuwaza peke yake si sawa na chama. Awaze atakavyo, ila serikali lazima ilinde utulivu.

Mleta mada: Ndugu yangu, la kwanza nakubali, ndiyo maana nikasema "inasimuliwa". La pili hapana. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na wa kuidhihirisha imani yake akiwa peke yake au pamoja na wengine. Hao "wengine" ni nani kama si wanachama wenzake? Nitajie vurugu moja waliyoianzisha kabla ya kusimamishwa.