Familia inayoanza kujifunza kuendesha mashua ya tanga Dar: ngalawa, klabu, au tununue yetu?

Mama Nasra

Habari za asubuhi wadau. Naombeni mawazo yenu.

Tunaishi Tabata, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 8 na 12. Kila tukishuka Coco Beach watoto wanaangalia matanga tu, na sisi wazazi tumekubaliana tujifunze wote kama familia. Kupandishwa boti ya injini mpaka kisiwa cha Bongoyo na kurudi hatutaki. Tunataka tushike usukani na kamba wenyewe.

Nimeulizia huku na kule naona njia tatu. Ya kwanza ni kukubaliana na nahodha wa ngalawa, Kunduchi au Kigamboni, atufundishe asubuhi za Jumamosi. Ya pili ni kuomba uanachama kwenye klabu ya mashua pale Msasani. Ya tatu ni kutafuta kimashua kilichotumika, tukinunue, tujifunze taratibu. Mume wangu anapenda hii ya tatu. Mimi roho inasita. Nyie mnaojua bahari mngeanzia wapi?

Mpwani wa Mjimwema

Dada, ngalawa. Sisemi hivyo kwa sababu nimezaliwa pwani, nasema kwa sababu ndicho chombo kitakachowafundisha upepo haraka. Gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili inaelea kulia na kushoto, tanga moja la pembetatu kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Hakuna kapi kumi wala vishikizo vya kukuchanganya. Ukikaza kamba ya demani, ile inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, chombo kinakimbia, ukiilegeza kinapoa. Mtoto wa miaka 8 ataliona hilo kwa macho yake na kulihisi mkononi asubuhi ya kwanza.

Halafu kwa ile mirengu haipinduki kirahisi, na haina ule mti wa chini wa tanga unaopita kichwani mashua ikigeuka. Kwa watoto hilo si jambo dogo.

Mume wako mwambie asubiri kununua.

Bint Peninsula

Mpwani nakuheshimu, ila kuna kitu hujamwambia mama. Kwenye ngalawa mwanafunzi anakuwa abiria kwa muda mrefu. Chombo ni cha mtu, ndicho kinachomlisha, kwa hiyo nahodha haachii usukani moja kwa moja, na ana haki. Mtoto atajifunza kukaa joshini, upande upepo unakotoka, na kuvuta kamba akiambiwa. Kuamua mwenyewe atajifunza lini?

Ndiyo maana dunia nzima watoto huanzishwa kwenye Optimist. Ni kimashua cha mtu mmoja, urefu mita 2.3 hivi, bodi lake, yaani chombo bila mlingoti na tanga, kilo 35, na hutumika mpaka miaka 15. Mtoto anakaa peke yake humo ndani, usukani mkono mmoja, kamba ya tanga mkono mwingine, mwalimu yuko pembeni kwenye boti ya injini. Akikosea chombo kinasimama papo hapo na tanga linapigapiga. Hakuna wa kumlaumu wala wa kumwokoa na uamuzi wake. Watoto hukua haraka sana kwenye hali hiyo.

Hiyo klabu ya Msasani, Dar es Salaam Yacht Club, ni klabu ya wanachama, hivyo huingii tu kama hotelini. Ukienda waulize mambo manne: kiingilio na ada ya familia ni vitu viwili au kimoja, mafunzo ya watoto yamo kwenye ada au yanalipiwa pembeni, mashua za klabu mwanachama mpya anaruhusiwa kuzitumia lini, na mwalimu ana cheti gani. Vyeti vya RYA, chama cha mashua cha Uingereza, vinajulikana sehemu nyingi. Kozi zao mbili za mwanzo kwa watu wazima ni za siku mbili mbili, na watoto wana hatua nne za kwao. Hicho ni kipimo kizuri hata kama mwalimu wako ana cheti cha kwingine.

Baba Junior

Mchango mfupi. Kabla ya ngalawa, kabla ya klabu, hao wanne wanajua kuogelea?

Mama Nasra

Baba Junior umenigusa. Watoto wanajua, wamefundishwa shuleni kwenye bwawa. Mimi naelea na kuogelea kidogo. Baba yao hajui kabisa, na maji yanayomfika shingoni yanamtisha.

Mwalimu Bwawani

Mama Nasra, nafundisha kuogelea na wazazi wengi wanaokuja kwangu wana hali kama ya mzee wako. Hofu yake haimzuii kujifunza tanga, ila ifanyiwe kazi kwanza, tena kabla hamjapanda chombo chochote. Mtu mzima akishikwa na hofu ndani ya chombo kidogo husimama, na akisimama uzito unapanda, chombo kinakosa mizani.

Simtaki awe muogeleaji wa mashindano. Nataka afanye haya: avae jaketi okozi, aruke majini mahali ambapo miguu haigusi chini, atulie kwa mgongo, apumue, halafu ajisogeze hadi ukingoni. Kisha arudie akiwa na nguo zake za kawaida, kaptula na fulana, kwa sababu baharini hutaanguka na vazi la kuogelea. Watoto wa bwawani nao wapitie zoezi hilo hilo baharini kwenye maji tulivu. Chumvi machoni na wimbi dogo usoni huwashangaza hata wale wanaoogelea vizuri.

Jaketi liwe la saizi ya mtoto na likazwe. Mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, si lake.

Fundi wa Kunduchi

Niongelee njia ya tatu maana ndiyo kazi yangu, natengeneza na kukarabati vyombo.

Mume wa dada ana hoja, chombo chako unakitumia unapotaka. Lakini kimashua kilichotumika kinahitaji jicho la mtu anayejua. Faibaglasi inaweza kung'aa juu na ndani imekunywa maji. Mimi nagonga bodi kwa kifundo cha kidole kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), sehemu baada ya sehemu. Panapolia kavu ni pazima, panapolia kwa uzito kama unagonga godoro pameoza au tabaka zimeachana. Kisha naangalia pale mlingoti unapokalia, maana ndipo nguvu yote ya tanga inaposhukia. Nyufa ndogo zinazozunguka hapo zinakupa habari kamili. Mwisho naangalia bawaba za usukani. Hizi za chuma hafifu zinaliwa na chumvi kimyakimya, na siku zikikatika huna mwelekeo tena. Tanga lenyewe ukilikunja kwenye vidole, kitambaa kizima kina ugumu wake, kilichochoka na jua kinalegea kama kanga kuukuu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hiyo Optimist anayoisema Bint Peninsula ilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills kule Florida, Marekani, kusudi watu wa kawaida waitengeneze nyumbani kwa plaiwudi, karatasi mbili za futi 4 kwa 8. Mafundi wa pwani hii wanaochonga mashua kwa macho hawashindwi na kisanduku kile. Familia ikitafuta plaiwudi ya baharini, gundi nzuri na mbao kavu, watoto wakapiga msasa wenyewe, wataijua kila pembe ya chombo chao kabla hakijalowa. Mashindano yana vipimo vyake vikali, lakini kwa kujifunza haviwahusu.

Ila dada, kinunuliwe au kijengwe, kiwe chombo cha pili. Cha kwanza kiwe cha mtu mwenye uzoefu, naye awe karibu.

Kaskazi Kusi

Nimefuatilia wote. Nilifanya kazi baharini miaka mingi, naomba niongeze kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko aina ya chombo, nacho ni mahali na majira.

Ghuba ya Msasani imekaa vizuri kwa mwanafunzi. Rasi ya Msasani imesimama upande wa mashariki. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, inatoka kusini mashariki, inapita juu ya rasi ndipo inaingia ghubani. Karibu na rasi maji yanakuwa bapa hata kama upepo una nguvu. Chombo kikishindikana, upepo unakisukuma kuelekea Kawe na Mbezi, kwenye nchi kavu. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, inaingia kupitia mdomo wa ghuba, kwa hiyo mawimbi madogo yanakuwepo, lakini nayo inakurudisha ufukweni.

Kunduchi pana kinga ya kisiwa cha Mbudya kwa kiasi. Fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari kuu ni nzuri kwa macho, ila mawimbi yanavunjika ufukweni, na kwa mgeni kutoa na kurudisha chombo hapo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mlango wa bandari, pale meli kubwa na vivuko vya Magogoni vinapopita, msikaribie kabisa na chombo cha kujifunzia. Meli kwenye njia nyembamba haiwezi kukukwepa, na sheria za bahari zinakutaka wewe ndiye usiizuie.

Saa nazo. Asubuhi upepo ni mwepesi, mchana upepo wa bahari unaongezeka. Anzeni asubuhi, saa nne muwe mnafunga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa bahari kila siku. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo watoto wabaki nyumbani, hata kama kwa dirishani jua linawaka.

Mpwani wa Mjimwema

Mzee Kaskazi Kusi shikamoo, na ninakubali kuhusu mawimbi ya huku kwetu. Sisi tunaojua mlango wa mwamba tunapita, mgeni hapiti. Kwa hiyo ngalawa yenu iwe ya Kunduchi, siyo ya huku.

Bint Peninsula naye nimpe haki yake, kwa sehemu. Kweli kuna tofauti ya kugeuza. Kimashua cha kisasa ukipiga bisho unapitisha omo kwenye upepo, tanga linahamia upande wa pili, umemaliza. Ngalawa foromali lazima lihamishwe kuzunguka mlingoti, kwa hiyo mara nyingi tunageuzia upande wa demani, upepo ukiwa nyuma. Mtoto aliyezoea moja atahitaji kujifunza nyingine. Lakini kuona giza la upepo linavyotembea juu ya maji kabla halijakufikia, kujua kwamba huwezi kuelekea upepo unakotoka moja kwa moja na lazima ukate pande kama nyuzi 45 kushoto, 45 kulia, hayo ni yale yale popote. Na nahodha wa ngalawa anayafahamu kwa damu.

Bint Peninsula

Hapo tumekutana. Mimi shaka yangu iliyobaki ni usalama. Ngalawa ya uvuvi ina leseni ya uvuvi, siyo ya abiria. Mama Nasra, atakayewachukua mwulize cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na uyaone majaketi kwa macho yako kabla ya kulipa, ya watoto pia. Akisema "maji ya hapa mafupi hayana shida", shukuru na utafute mwingine.

Baba Junior

Na wazazi je? Mmewasemea watoto tu.

Bint Peninsula

Mtu mzima anaweza kuanza kwenye ILCA, ile iliyokuwa ikiitwa Laser. Bodi ni lile lile, matanga ya saizi tatu, kwa hiyo mama anachukua tanga dogo na baba kubwa. Inapinduka sana mwanzoni, na kuinyanyua unasimama kwenye ubao wa katikati na kuvuta. Ni mazoezi mazuri, ila si kwa mtu anayeogopa maji. Kwa mzee wa Mama Nasra ningependa mashua pana ya watu watatu wanne, akae na mwalimu. Katamarani kama Hobie 16 iachwe kwanza: ina urefu wa mita 5, matanga mawili, inakimbia kweli, na ikilala ubavu mtu mmoja mwepesi hainyanyui.

Mama Nasra

Wadau Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote, na ameshapiga simu kuulizia mafunzo ya kuogelea. Tumepanga hivi: mwezi huu bwawani, sote wanne. Mwezi ujao tutafute ngalawa ya Kunduchi yenye cheti, asubuhi chache tu, tuujue upepo. Baada ya hapo tukaulizie uanachama Msasani ili watoto wapate Optimist na mwalimu. Kununua tumeahirisha, ila Fundi, wazo lako la plaiwudi limemwingia mwanangu wa miaka 12. Ameshapima baraza.

Swali la mwisho: hiyo siku ya kwanza ya ngalawa nichagueje tarehe?

Kaskazi Kusi

Angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, hapa Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yanakwenda kwa kasi na yakipwa mnatembea mbali kwenye matope na miamba na watoto mkononi. Chagua wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mwendo wa maji ni mdogo. Kisha katika siku hizo tafuta asubuhi ambayo maji yanajaa mkiwa ndani, yasiwe yanapwa. Nahodha yeyote wa Kunduchi atakutajia saa bila kuangalia karatasi. Mpigie siku mbili kabla, na asubuhi yenyewe mpigie tena kabla hamjatoka Tabata.

Fundi wa Kunduchi

Na huyo wa miaka 12 mwambie baraza lisipungue mita tatu kwa mbili, bodi linahitaji nafasi ya kuzunguka. Akiwa tayari mje naye karakana, nitampa vipande vya plaiwudi afanyie mazoezi ya kukata.