Kurama au Inuyasha: yupi ameandikwa vizuri zaidi?

mkesha_wa_likizo: Wakuu, habari za jioni. Nina wiki mbili za mapumziko, nataka anime (katuni ya Kijapani) moja ya zamani yenye mapepo ya Kijapani. Nimebaki na mbili: Yu Yu Hakusho, kwa sababu ya Kurama mnayemsifu sana humu, na Inuyasha. Mapigano peke yake hayanitoshi, nataka mhusika mwenye historia inayoshika moyo. Nianze na ipi?

waridi_jekundu: Kurama, ndugu yangu, bila kusita. Zamani alikuwa Yoko, pepo mbweha, mwizi aliyeogopwa huko kwao. Akajeruhiwa na mwindaji, roho ikakimbilia duniani na kuingia katika mimba ya mwanamke aitwaye Shiori. Akazaliwa Shuichi Minamino. Nia yake ilikuwa akae miaka kumi hivi, nguvu zirudi, aondoke zake. Yule mama kwake alikuwa pa kujihifadhi tu.

Sasa siku moja, angali mdogo, anateleza kutoka juu na chini kuna vigae vya vyombo. Mama anawahi kumkinga kwa mikono yake mwenyewe. Makovu yanabaki mikononi mwa mama, na mwizi yule akashindwa kuondoka. Baadaye mama anaugua, Kurama anaiba kioo kinachotimiza ombi usiku wa mwezi mpevu, nacho hudai uhai wa mwombaji. Mimi pale nililia.

upanga_wa_baba: Dada, Kurama namheshimu, lakini Inuyasha ana uchungu wa aina yake. Baba pepo mbwa, mama binadamu, na hakuna upande unaomtaka. Kuna kipande yuko mtoto, ameshika mpira, watu wazima wanamwita nusu pepo na kumpa kisogo. Anamwuliza mama yake neno lile maana yake nini. Mama hajibu, anamkumbatia, machozi yanamtoka.

Nguvu zake pia zina maana. Upanga wa Tessaiga ulichongwa kutoka jino la baba yake, na mikononi mwake ulikuwa chuma butu hadi alipotaka kumlinda Kagome, msichana anayesafiri naye. Kaka yake wa mama mwingine, Sesshomaru, pepo kamili, akiushika unamkataa. Na kila usiku wa mwezi mwandamo Inuyasha anakuwa binadamu mtupu, nywele nyeusi, hana kucha za kupigania. Ndiyo maana ni mkali na hamwamini mtu upesi.

hesabu_kwanza: Mkuu, tazama na muda wako. Yu Yu Hakusho ina episodi 112. Inuyasha ni 167 za mwanzo, kisha 26 za kumalizia zilizotoka 2009 hadi 2010. Katikati, kumsaka Naraku, adui mkuu wa Inuyasha, kunarudiarudia mno. Kwa wiki mbili, jibu liko wazi.

waridi_jekundu: Kaka, kipande cha mpira umenikumbusha vizuri, kinauma. Ila kwenye nguvu sikubaliani nawe. Inuyasha hupiga, Kurama hufikiri. Anachomoa ua la waridi nyweleni, linageuka mjeledi. Katika mashindano ya mapepo, mpinzani wake Roto anatishia kumdhuru mama yake, Kurama anapigwa na harudishi hata ngumi moja, huku mbegu aliyompandikiza Roto ikiota mizizi mwilini. Baadaye adui mwingine, Toguro mkubwa, ambaye hafi, aliachiwa mti unaomlisha ndoto, apigane na kivuli milele. Sauti ya Kurama haipandi wakati wote huo. Upole ule unatisha kuliko kelele zote za upanga.

upanga_wa_baba: Hapo kwa Toguro sina la kubisha. Lakini mkuu, usimwache Inuyasha moja kwa moja, mpe likizo ijayo.

mkesha_wa_likizo: Asanteni sana. Makovu ya mama yamenimaliza, naanza na Kurama usiku huu. Niambieni moja tu: mama anapona?

waridi_jekundu: Anapona. Namna anavyopona sikuambii. Ukifika pale juu ya paa la hospitali, mtazame Yusuke, shujaa mkuu wa hadithi, anavyofanya kabla Kurama hajamaliza ombi lake.