Naomba ushauri: msimamizi wa shamba la kukodi nimlipeje?

Wakuu, habari za majukumu.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, na ajira inanibana mpaka Jumamosi. Nimekodi ekari 15 Mvomero, Morogoro, kwa miaka mitatu, nalima mahindi. Msimu uliopita alisimamia kijana wa palepale kijijini. Kila nikiomba picha, inakuja ya kona ileile yenye mwembe, mahindi yamestawi kweli. Nilipofika mwenyewe, katikati ya shamba majani ni ya njano, mbolea ya urea haijagusa, na hata mifuko mitupu sikuonyeshwa. (Shemeji anasema nihamie huko. Ada za watoto atalipa yeye?)

Sasa nataka mtu aliyesomea kilimo. Nimeongea na wahitimu wawili wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Mmoja anataka mshahara wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwingine anataka posho ndogo na asilimia ya mavuno. Huyu wa pili ananivutia, ila nahofia magunia kupungua kabla sijayahesabu.

Mliowahi kuajiri msimamizi, mlilipa kwa njia ipi? Na kwenye mkataba mliandika nini kuhusu pembejeo, hasa mbolea, mkiwa mbali na shamba?