Mrejesho: kompyuta mbili kwa redio ya LoRa, Likoni na Kizingo

Ndugu zangu, swali lilikuwa hili: kompyuta moja Likoni, nyingine Kizingo, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Kilindini, Mombasa, zinatumiana faili kwa moduli za LoRa (redio ndogo za masafa marefu) za 868 MHz bila intaneti, lakini pakiti (vipande vya data) nyingi zinapotelea njiani. Sasa zinafika, ahsanteni sana.

Aliyesema nipime antena kwa rula alilenga penyewe. Zilizokuja na moduli zilikuwa za 433 MHz, waya wa sentimita 17. Antena ya waya hukatwa kwa robo ya wimbi, na robo ya wimbi la 868 MHz ni sentimita 8.6; waya wa shaba ukikatwa 8.2 unatosha. Mkibadilisha, zimeni umeme kwanza: moduli ikirusha bila antena yaweza kuungua.

Kasi nayo. Kwa SF12 (SF ni kipimo cha LoRa: kikipanda, mawimbi hufika mbali zaidi lakini kasi hupungua) na upana wa masafa wa 125 kHz mnapata biti 293 tu kwa sekunde, yaani faili ya kilobaiti 10 inakula karibu dakika 5. SF7 inatoa 5,470. Faili hiyo hiyo haimalizi sekunde 20. SF ikitofautiana pande mbili, ni kimya kabisa.

Pakiti haizidi baiti 255, kwa hivyo kila kipande kipewe namba, mpokeaji aombe zilizokosekana. Pande mbili zikirusha pamoja, pakiti hugongana. Na meli kubwa ikikata mlango wa Kilindini mawimbi hudhoofika. Programu isubiri, irudie.

Viungo vya antena vifungeni utepe wa mpira. Hewa ya chumvi huigeuza shaba kijani upesi mno.