Darasa la tabianchi mtandaoni na Wajerumani: niendelee au nisitishe? Naombeni ushauri

Mwl_Mkwaju: Habari zenu wakuu. Ni mwalimu wa Jiografia, sekondari moja huku Pangani. Tangu Novemba kidato cha tatu wanasoma mabadiliko ya tabianchi mtandaoni pamoja na wanafunzi wa shule moja Ujerumani. Laptopu moja, projekta ya kuazima, bando nanunua mwenyewe. Saa nane mchana kwetu, saa sita kwao. Watoto wanakipenda kipindi hiki kuliko vyote. Ijumaa tunafunga, na sina raha. Wenzetu wameomba jambo ambalo mkuu wa shule halitaki. Nikikataa, nahofia ushirikiano utakufa. Nifanyeje?

Bado_Nipo: Jambo gani? Hatuwezi kushauri fumbo.

Kapteni_Jahazi: Mwalimu, kwanza hilo bando. Zimeni kamera, muache sauti tu. Picha ndiyo inayomaliza. Sisi kwenye kikundi cha wavuvi tulishajifunza kwa maumivu.

Mama_Ushongo: Hongera mwalimu. Waonyeshe Maziwe hao watoto. Nilipokuwa mdogo kile kisiwa kilikuwa na mivinje mirefu. Leo maji yakijaa hukioni. Wengine husema bahari imepanda, wengine husema miti ilikatwa ndipo mchanga ukachukuliwa. Wape wabishane hapo, wa kwetu na wa kwao. Na mayai ya kasa yanavyotolewa kule kuletwa ufukweni Ushongo yasizame, hilo wa kwetu wanaweza kulifundisha vizuri kuliko kitabu.

Bado_Nipo: Mama, umenena. Lakini mwalimu bado hajajibu. Wameomba nini?

Mwl_Mkwaju: Video. Kila kundi lilitakiwa kueleza badiliko moja la kwao. Binti mmoja alirekodi nyumba ya bibi yake. Maji ya bahari yaliingia hadi jikoni, mafiga yamefukiwa na mchanga, alama ya chumvi ukutani imefika usawa wa kitasa. Katikati anashindwa kuongea, analia. Wenzetu wanataka kuionyesha kwenye tamasha la shule yao wachangishe fedha. Mkuu anataka kibali cha mzazi kwanza.

Bado_Nipo: Mzazi anasemaje? Na hiyo video iko wapi sasa hivi?

Mwl_Mkwaju: Nilishaituma wiki iliyopita. Mama yake anafanya kazi Muscat, hapatikani kirahisi. Bibi hajui kusoma, kibali atasainije? Ila jamani, mle hamna uongo hata chembe. Bahari inatula, wa Pangani mnajua. Binti mwenyewe alikubali, na fedha zitatupatia projekta yetu.

Dada_Wakili: Mtoto wa kidato cha tatu ataanzaje kumwambia mwalimu wake hapana? Kukubali kwake hakutoshi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uso na sauti ya mtoto vimo humo. Na bibi asiyesoma anasikia. Kaa naye barazani, mchezeshee video yote, umuulize.

Mwl_Mkwaju: Dada, nikianza kuzunguka na vibali tamasha litapita. Wazungu hawasubiri.

Mkaazi_wa_Bonn: Hii chai. Mwezi Mei huku tuko nyuma yenu saa moja, si mbili. Saa nane ya Pangani ni saa saba Ujerumani. Mtu anayefundisha na Wajerumani angekosea hilo?

Kapteni_Jahazi: Hee! Chai yenyewe ina tangawizi. Mwalimu, toka utetee kikombe chako.

Mwl_Mkwaju: Nimetaja saa tuliyoanza nayo Novemba. Wao walisogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi. Kipindi kilichofuata sisi tuliingia saa nane kama kawaida, tukakuta wenzetu wametungoja saa nzima, wengine wameshaondoka. Tokea hapo tunaanza saa saba. Mtunga hadithi angehangaika na hayo?

Mkaazi_wa_Bonn: Haya, hilo limenikuta na mimi nikimpigia mama. Basi nisikilize. Julai 2021 mto Ahr ulifurika, si mbali na hapa. Bonde lile peke yake lilipoteza watu zaidi ya 130. Nilikwenda kusaidia kuzoa tope, nikakuta kabati la vyombo juu ya mti. Wajerumani nao wanazijua nyumba zilizoingia maji. Sasa kwa nini machozi yatoke Pangani na michango itoke kwao? Mjerumani mmoja kwa wastani anatoa zaidi ya tani 6 za hewa ukaa kwa mwaka, Mtanzania hafikishi hata tani 1. Binti wa kwenu asimame Ijumaa awaulize kuhusu hilo, nao warekodi ya kwao.

Mama_Ushongo: Hapo sawa. Huyo binti ni wa kuuliza, asifanywe wa kuonewa huruma.

Mwl_Mkwaju: Nawaelewa. Kesho alasiri nitapita kwa bibi. Ila akikataa, na video tayari iko kwao?

Dada_Wakili: Usingoje jibu la bibi. Waandikie leo waisimamishe, wasiionyeshe wala kuisambaza. Bibi akiridhia na mama akapatikana, utawaambia.

Mwl_Mkwaju: Naandika sasa hivi. Lakini projekta ndiyo basi tena.

Kapteni_Jahazi: Shemeji yangu Muheza anayo moja, taa tu ndiyo mbovu. Njoo PM.