Walimu wa kinanda Mbeya, acheni kutuuzia "kodi za siri"!

Wakuu, salama? Mods naomba uzi huu usiunganishwe, nina hasira.

Kuna mwalimu mmoja wa kinanda hapa mjini, jina namhifadhia, anachukua 50,000 kwa mwezi kufundisha anachokiita kodi za siri (kodi ya muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Siri gani? Do-mi-so-ta (ta ni ti iliyoshushwa nusu toni), ongeza re ya juu, noti ya tisa ukihesabu kutoka do: kodi ya 9 hiyo. Ongeza fa, 11. Ongeza la, 13, na hapo noti saba zimeisha, hakuna pa kwenda tena. Hilo hakulisema hata siku moja! Kazi yake kukushika vidole: "Weka hapa, hapa na hapa. Umeona utamu huo?" Ukiuliza kwa nini, unaambiwa hiyo ni levo ya mbele. Halafu do-mi-so-re, ta haimo kabisa, naye anaiita 9. Hiyo ni ad-9, yaani re imeongezwa tu bila ta, mwalimu.

Na kila kitu ki ya C, yaani do inaanzia C. Ukitaka nyingine, "bonyeza transipozi," kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachokuhamishia ki. Haya, ushirikani kwetu Uyole kuna piano la zamani, hata umeme halitumii. Transipozi niibonyeze wapi? Dada kaanzisha pambio A flati, mimi nimeganda, mpiga besi ananitolea macho.

Ila iliyonichefua ni ile 11. Alinipigisha noti zote sita, mkono wa kushoto kule chini kabisa, mlio ukawa vurugu tupu. "Masikio yatazoea." Yazoee nini? Mi na fa zimepishana nusu toni, lazima zigombane! Ndiyo maana wapigaji huitoa mi, au fa wanaipandisha nusu toni iwe fi. So nayo itupe tu, haitadaiwa. Gitaa la besi likiwepo, do muachie mwenyewe. Kwa 13 sasa, fa iache: kushoto shika ta na mi, kulia la na re. Noti nne, 13 imesimama. Haya nimeelezwa na kijana anayepigia bendi, tumesimama Mwanjelwa tunasubiri daladala, bure!

Sasa nauliza: kuna mwalimu Mbeya, hata Iringa nitapanda basi, anayeeleza kodi inavyojengwa, kwenye ki zote 12, bila kugusa kile kitufe? Jibuni hapa hapa. Wale wa "njoo inboksi" piteni tu, pesa yangu imeshaliwa.