Natafuta kazi ya uhudumu wa mgahawa Arusha, nianzie wapi?

Binti_Singida
Habari zenu wakuu. Nahamia Arusha mwisho wa mwezi nikitokea Singida. Nina fomu foo na uzoefu wa mwaka mmoja wa kuhudumia mgahawa wa stendi, ila Kiingereza changu bado cha kujikongoja. Naomba kujua nipeleke maombi maeneo gani, saa ngapi, niwe na karatasi zipi, na nijihadhari na nini. Suala la kurudi nyumbani usiku nalo linanipa mawazo.

Kaunta ya Njiro
Karibu Arusha, mdogo wangu. Kabla ya yote, usilipie chumba cha miezi sita wakati kazi hujaipata. Fikia kwa ndugu, au tafuta mwenye nyumba atakayekubali mwezi mmoja hata kama bei imechangamka. Ukipanga Ngaramtoni halafu kazi ikatokea Njiro, mchana utaunganisha vifodi (daladala ndogo za huku), na ukitoka saa tano usiku itabaki bodaboda peke yake. Nauli hiyo inamaliza mshahara.

Mjini kati, kuanzia Mnara wa Saa, Barabara ya Boma na kuzunguka Sokoine, kuna mikahawa na hoteli za wageni wa safari. Njiro na Sakina utakuta bustani za nyama choma na baa kubwa. Usa River, barabara ya kwenda Moshi, kuna loji, na baadhi yake wafanyakazi hulala hukohuko, kwa hiyo shida ya usafiri wa usiku inapungua.

Nenda saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, au saa tisa hadi kumi na moja jioni, Jumanne mpaka Alhamisi. Ukienda saa saba mchana meneja yuko kwenye sahani za watu; bahasha yako ataiweka juu ya friji na huko ndiko itakakobaki. Usimwachie mlinzi getini. Omba kuonana na meneja au supavaiza, na kama hayupo uliza jina lake na saa anayoingia, urudi.

Karatasi: nakala ya kitambulisho cha NIDA (au namba yake kama kadi haijatoka), cheti cha fomu foo, TIN (namba ya mlipakodi), barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, barua za wadhamini wawili zenye picha na namba za simu zinazopatikana, na pasipoti saizi kama nne. Halafu cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Hicho wengi hawana, na bwana afya akija kukagua ndicho anachouliza kwanza. Kina muda wa kuisha, kwa hiyo angalia tarehe. Aliye nacho mkononi anaweza kuambiwa aanze kesho wakati wenzake wanatumwa kupima.

Na msimu uangalie. Watalii ni wengi Juni hadi Oktoba, kisha tena kuanzia katikati ya Desemba. Aprili na Mei, mvua za masika, hoteli zinapunguza watu, lakini mwisho wa Mei ndipo zinapoanza kuita. Bustani za nyama hazifuati kalenda hiyo. Zenyewe zinategemea mwisho wa mwezi na sikukuu.

Weita Mkongwe
Naongezea kuhusu siku ya majaribio, maana wengi wanaangukia hapo wakiwa na vyeti vyote.

Vaa shati jeupe, suruali au sketi nyeusi, viatu vyeusi vya kufunika visivyoteleza, kucha fupi bila rangi. Beba kalamu mbili na kifungulio chako cha chupa.

Trei inakaa mkono wa kushoto, wa kulia unabaki huru. Vizito na virefu vikae katikati na upande wa kifuani, glasi pembeni. Wakati wa kushusha ndipo inapopinduka: mtu anatoa chupa zote za upande mmoja, upande wa pili unalemea. Toa moja huku, moja kule.

Oda iandike na namba ya meza na nani kaagiza nini, kisha msomee mteja. Bia uliza baridi au ya moto, na ifungue mbele yake. Nyama choma mwambie ukweli wa muda: mbuzi anayeanza kuchomwa sasa hafiki mezani kwa dakika ishirini. Kilo ipimwe mteja akiona, na uulize palepale ndizi za kuchoma au ugali, pilipili ichanganywe kwenye kachumbari au ikae pembeni. Ukiuliza baadaye, jiko linakuwa limeshafunga oda.

Kitu kimoja kinawakamata waliozoea baa. Baa nyingi chupa tupu zinaachwa mezani mpaka bili ilipwe, kwa sababu ndizo zinazohesabiwa. Hoteli ya watalii ukiacha chupa tupu mezani unaonekana mzembe, kwa kuwa pale hesabu iko kwenye mashine.

Binti_Singida
Asanteni sana. Nimesikia mteja akikimbia bila kulipa mhudumu anakatwa. Ni kweli?

Kaunta ya Njiro
Ni kweli linatokea, na ndilo swali la kuuliza kabla hujafunga aproni. Uliza hivi: vinywaji nachukua kaunta kwa kusaini au kwa kulipia kwanza? Glasi ikivunjika? Tipu kila mtu yake au inakusanywa na kugawanywa na jikoni? Mshahara unatoka tarehe ngapi? Meneja anayekwepa maswali haya manne, muage kwa heshima uende zako.

Mteja akilipa kwa simu, usikubali meseji anayokuonyesha kwenye simu yake. Subiri kaunta wathibitishe kwamba pesa imeingia kwenye lipa namba. Meseji za kughushi zipo, na hasara anaandikiwa mhudumu.

Mtetezi wa Kazi
Dada, kuhusu kukatwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Hasara ikatwe tu kama imetokana na kosa lako ukiwa kazini. Mwajiri akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokokotoa, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mteja aliyetoroka wakati wewe uko jikoni unachukua oda si kosa lako moja kwa moja.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Daftari dogo la kuandika saa ya kuingia na kutoka kila siku linakusaidia kama ushahidi ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Usichelewe: malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60.

Weita Mkongwe
Na anayekudai hela ya fomu, ya sare au ya "kukuunganisha" kabla ya kazi, usimpe hata mia. Usaili uwe mchana, palepale kwenye biashara, si chumba cha gesti wala "njoo usiku tuongee". Kuhusu Kiingereza, VETA wana chuo cha hoteli na utalii hapohapo Njiro. Ukifika pita uulizie kozi fupi na ratiba ya jioni.

Kaunta ya Njiro
Usafiri wa usiku uulizie siku hiyohiyo ya usaili: gari la wafanyakazi lipo, linashusha wapi, na mwisho saa ngapi. Wakisema lipo, waulize wahudumu wenyewe pembeni. Hao ndio wanaolipanda.